Kuchagua bastola ndogo ya kubeba chini ya nguo: nyepesi kiunoni, kali mkononi

Bastola yangu ya kwanza ya kubeba niliichagua kwa kiganja. Muuzaji kaniwekea nne tano mezani, nikawa naziinua moja moja kama mtu anayechagua viatu, ile nyepesi kuliko zote nikasema hii hii nifungie. Kaliba, yaani kipimo cha risasi, ya 380, gramu 300 na kidogo, inazama mfukoni na hakuna anayejua. Wiki ileile nikaenda nayo uwanja wa shabaha. Magazini ya kwanza, yaani kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya kishikio, nikajisemea si mbaya, ya pili ile ngozi ya katikati ya kidole gumba na cha shahada ikaanza kuwaka moto, ya nne nikajikuta nafumba macho kabla sijafyatua. Boksi la risasi 50 sikulimaliza. Na kwa sababu inauma sikurudi mazoezini miezi kadhaa, yaani nilikuwa natembea kila siku na kitu ambacho siwezi kukipiga vizuri, najidanganya tu kwamba niko salama.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi nyepesi zaidi nitakujibu, lakini swali lenyewe limekaa upande. Uliza hivi: ipi kubwa kuliko zote ambayo mimi naweza kuivaa asubuhi mpaka usiku bila kuitoa? Hapo ndipo pa kuanzia, halafu unashuka kidogo kidogo, si kuanzia chini kabisa.

Na kabla ya hayo yote, kibali. Nchi nyingi kumiliki bastola ni jambo moja na kuibeba chini ya nguo ni jambo jingine kabisa lenye kibali chake, na nyingine haziruhusu raia kubeba kabisa. Sheria hizo pia ndizo zinazosema kaliba gani raia hagusi, magazini mwisho risasi ngapi, na sehemu gani huingii nayo hata uwe na karatasi. Soma za kwako kwanza maana zinaweza kukuchagulia bastola kabla hujafika dukani.

Tuje kwenye uzito sasa. Risasi ya 9mm, ile kichwa chenyewe kinachoruka, ina gramu 8 hivi na inatoka mtutuni kwa mita 300 na zaidi kwa sekunde. Msukumo uleule unaoipeleka mbele unairudisha bastola nyuma, ndiyo teke lenyewe hilo. Bastola ya kilo moja inarudi taratibu, ukichukua ya nusu kilo na risasi ileile inarudi kwa kasi mara mbili na nguvu inayofika mkononi inakuwa mara mbili pia. Hakuna ujanja wa kiwanda wa kukwepa hiyo hesabu, wanaweza kupunguza makali kwa springi nzuri na kishikio kipana lakini deni liko palepale. Ndiyo maana bastola ndogo si bastola ya mtu anayeanza, ingawa watu huwa wanamnunulia anayeanza hiyohiyo eti kwa sababu ni ndogo, hasa wakimnunulia mwanamke, na mimi hiyo tabia inaniudhi sana. Anayeanza ajifunzie kwenye kubwa.

Kumbuka pia uzito unaoandikwa kwenye karatasi mara nyingi ni wa bastola tupu. Risasi moja nzima ya 9mm na ganda lake ina gramu 12 hivi, ukiweka 10 umeongeza gramu 120, hapo ile ya nusu kilo imeshapita 600. Waulize wanakuambia uzito upi.

Kaliba watu wanabishana mpaka usiku. Mimi naweka hivi, kwa mtu wa kawaida mwenye mikono mizima chukua 9mm ukiweza kuimudu, 380 kama teke la 9mm kwenye bastola ndogo linakushinda. 9mm kwa kawaida ina nishati zaidi ya mara moja na nusu ya 380, lakini 380 tatu ulizoziweka unapotaka zinaishinda 9mm uliyoikosesha. Halafu angalia boksi vizuri maana hapa watu wanachanganya: 9mm tunayosema ni 9x19, ile ya Georg Luger ya miaka ya mwanzo ya 1900. 380 nayo ina upana karibu uleule ila ganda lake ni fupi, 9x17, na sehemu nyingine inaitwa 9mm fupi. Kuna na Makarov 9x18. Hizi tatu haziingiliani, usije ukaweka yoyote kwa kuwa imeandikwa 9. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, na risasi zako zisome vilevile. Kuhusu .22, teke hakuna na mazoezi ni raha tupu, ila risasi zake hugoma kuwaka mara nyingi kuliko hizi nyingine, kwa hiyo mimi nasema ni ya mtu ambaye mkono wake haumudu kingine.

Jambo ambalo watu hawalijui kuhusu 380 ni kwamba si zote zinapiga sawa. Kuna zile za muundo wa zamani kama Walther PPK ya 1931, slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola ikipiga, inazuiwa na springi na uzito wake yenyewe tu, hakuna kufuli. Ni nzito, kama gramu 600, na bado inapiga kwa ukali unaoshangaza. Halafu kuna 380 za siku hizi ambazo mtutu unajifunga na slaidi kwa kitambo kidogo ndipo vinaachiana, hizo teke lake ni laini zaidi ukilinganisha bastola za uzito unaokaribiana. Kwa hiyo mtu akikuambia 380 haina teke muulize 380 ipi.

Kwa mifano, ili ukiingia dukani usiwe mgeni. Chini kabisa kuna Ruger LCP iliyotoka 2008, gramu 270 hivi, risasi 6 kwenye magazini, ya mfukoni kwelikweli. Juu yake kuna 9mm nyembamba kama Glock 43 ya 2015, nayo 6. Halafu 2018 SIG wakaleta P365, kimo karibu kilekile, nusu kilo hivi, lakini magazini inabeba 10 kwa sababu risasi zinapangwa kwa kupishana badala ya kunyooka mstari mmoja. Baada ya hapo kila kiwanda kikakimbilia huko, ndiyo ukaona Springfield Hellcat na Glock 43X mwaka 2019. Ukiniuliza mimi kundi hili la nusu kilo ndilo mtu wa kawaida aanzie kutafuta, hizo za gramu 300 ziwe za siku ambayo nguo haikubali kingine kabisa.

Sasa kujificha. Watu wanahangaika na urefu wa mtutu, mtutu mfupi mtutu mfupi, wakati mtutu uko ndani ya suruali hauonekani hata uwe mrefu. Kinachokuchongea ni kishikio, ndicho kinachotokeza nyuma ya kiuno ukiinama kuokota kitu. Mtutu mrefu kidogo hata unasaidia, unakaa chini ya mkanda na kulalia paja hivyo kishikio kinavutwa kuelekea mwilini, tena vilengeo vinakaa mbali kimoja na kingine kwa hiyo kosa la kulenga linaonekana mapema. Kwa hiyo ukitaka kupunguza, punguza kishikio kwanza, unene pili, mtutu mwisho.

Lakini kishikio nacho ukikipunguza sana kidole cha mwisho kinakosa pa kukaa, kinaning'inia hewani, na hicho kidole ndicho kinachozuia bastola isichezecheze mkononi. Suluhisho la watu wengi ni magazini yenye kitako kilichochomoza kidogo, kidole kinapata pa kushika. Sawa, ila fahamu umeongeza kimo palepale ulipokuwa unapunguza! Dukani shika kama unavyoshika ukipiga, ngozi ya kiganja ipande juu kabisa chini ya slaidi, halafu angalia kidole cha triga, kile kifyatulio, kinafika wapi. Kigusane na triga kwa ile nyama ya ncha ya kidole, si kwenye kiungo wala si kwa ukucha. Bastola ikiwa ndogo mno kwa mkono mkubwa kidole kinapitiliza na unakuwa unaivuta pembeni kila ukifyatua, risasi zote zinakwenda upande mmoja na unadhani vilengeo ndivyo vibovu.

Kukoki, yaani kuvuta slaidi nyuma ili risasi iingie tayari kupigwa. Hapa kuna kisa. Mama mmoja wa makamo tulikuwa naye uwanjani, vidole vina ugonjwa wa viungo, kijana wake kamnunulia bastola ndogo akijua ndogo ni rahisi. Mama kashika slaidi kwa vidole viwili, kavuta, haiji. Kavuta tena mpaka mabega yanatetemeka, haiji, na mdomo wa mtutu unageuka pembeni kuelekea kwetu sisi tuliosimama foleni. Mkufunzi akaweka mkono haraka akaishusha. Kumbe slaidi fupi ni nyepesi, na ili kuizuia isirudi kwa fujo wanaweka springi ngumu, ndiyo maana ndogo nyingi zinakokiwa kwa shida kuliko kubwa. Mkufunzi akamwonyesha njia nyingine, bastola karibu na kifua mtutu mbele, kiganja kizima juu ya slaidi, mkono wa slaidi umetulia na ule wa kishikio ndio unaosukuma mbele. Ikaja nusu. Mwisho akapewa ajaribu nyingine ya 380 iliyotengenezwa makusudi kwa slaidi laini, zipo hizo, Smith & Wesson wana moja wanaiita Shield EZ tangu 2018, ni kubwa kidogo kuliko aliyonunuliwa, na akaikoki mwenyewe mara ya kwanza. Alicheka yule mama mpaka akatuchekesha wote. Kwa hiyo usimnunulie mtu bastola kama zawadi, mpeleke akajikokie.

Rivolva ndogo, zile za silinda ya risasi inayozunguka, zina watu wake na mimi sizipuuzi. Ile ya risasi 5 ya aluminiamu ya kaliba ya 38 Special, mfano Smith & Wesson 642, ina gramu 400 na kidogo, nyundo yake imefichwa ndani kwa hiyo hainasi kwenye nguo ukiichomoa, haina slaidi ya kukoki, haina magazini ya kusahau. Risasi ikigoma unavuta triga tena inakuja nyingine. Lakini triga yake ni nzito, kilo 5 hivi za kuvuta, njia ndefu, na kwa mkono dhaifu hiyo ni kazi, wengi wanaisogeza bastola nzima kabla haijafyatuka. Ile silinda ya katikati pia ina unene wa milimita 33 hivi, inatuna kiunoni. Kuna nyingine za madini mepesi ya scandium za gramu 330 zinazokubali risasi za 357 Magnum, kali kuliko 38 kwa mbali. Nimepiga moja, mara mbili. Basi, sina la kuongeza hapo.

Triga na sefti. Bastola nyingi za sasa hazina ile sefti, kizuizi cha usalama, ya kusukuma kwa kidole gumba, zina kijisefti kidogo katikati ya triga na kizuizi cha pini ndani ili zisifyatuke zikianguka. Nyingine unaweza kuchagua, yenye sefti au isiyo nayo. Wanaosema haihitajiki na wanaosema lazima wote wana hoja, ila ukiichukua yenye sefti basi kuitoa uifanyie mazoezi mpaka kidole kiende chenyewe, kila ukichomoa. Na kwa isiyo na sefti usalama wako ni vitu viwili, kidole chako na holsta, yaani ala ya kubebea bastola. Holsta iwe ngumu, ifunike triga yote, isilegee ukitoa bastola, maana holsta laini ya kitambaa inaweza kujikunja ukairudisha bastola na ule mkunjo ukavuta triga. Hata shati lako, hata kile kikamba cha koti. Kwa hiyo kuchomoa fanya haraka ukitaka, kurudisha rudisha polepole huku unaangalia, hakuna anayekupa zawadi kwa kurudisha haraka. Mfukoni vilevile, holsta ya mfukoni na mfuko huo usiwekwe kitu kingine, si funguo si sarafu si nini. Mkanda nao, watu wananunua bastola nzuri wanaivaa kwenye mkanda laini wa kawaida, inaning'inia inavuta suruali halafu wanasema bastola ni nzito. Mkanda ndio mbovu.

Ukishapata mbili tatu za kufikiria, usinunue bado. Tafuta uwanja wanaokodisha au mtu mwenye nayo mkapige pamoja pale uwanjani, na upige si magazini moja ya furaha, piga risasi 50. Angalia za mwisho kumi zimekwenda wapi, si za kwanza. Kama za mwisho zimetawanyika kuliko za kwanza basi mkono umechoka au umeanza kuogopa. Muombe mwenzako akuchanganyie risasi za mazoezi zisizo na baruti katikati ya zile za kweli bila wewe kujua iko wapi, ukifika kwenye ile bandia utajiona mwenyewe mtutu unachovya chini kabla hata hakijalia kitu. Aibu yake ni nzuri sana kwa kujifunza.

Ndogo pia zinachagua risasi. Mkono ukilegea slaidi hairudi mpaka mwisho, ganda linabaki limesimama pale juu kama jino, na umekwama. Mimi sheria yangu ni kwamba siibebi mpaka imepita risasi 200 bila kukwama, na angalau 50 kati yake ziwe zilezile ninazobeba, kwenye magazini zilezile ninazobeba. Kama sheria ya nchi yako inaruhusu risasi za kichwa chenye shimo, zile zinazotanuka zikigonga, ndizo wengi wanazobeba kwa sababu hazitobozi na kupitiliza kirahisi kama za kichwa kizima, na anayesimama nyuma hana kosa. Ila kwenye mtutu mfupi kasi inapungua na nyingine hazitanuki vizuri, hasa 380, kwa hiyo tafuta zilizotengenezwa kwa mitutu mifupi.

Halafu kuna jaribio ambalo ningelifanya mapema nisingepoteza hela yangu ya kwanza. Ukishainunua, wiki nzima ivae nyumbani ikiwa tupu, umeikagua chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari, mara mbili na risasi ziko chumba kingine. Kaa nayo kwenye kiti cha chini, funga viatu, panda gari ufunge mkanda, beba mtoto, inyooshee mkono kabati la juu, nenda chooni. Chooni hasa! Watu wanaitoa wanaiweka juu ya tangi la maji wanaondoka wanaiacha, usicheke, inatokea. Iache ndani ya holsta, holsta ibaki kwenye suruali. Ikifika siku ya nne unajikuta unaitafutia sababu ya kuivua, badilisha holsta au sehemu ya kuvaa kwanza kabla hujalaumu bastola, sentimita mbili kushoto au kulia zinaweza kumaliza tatizo lote.

Usiku ikivuliwa iingie kwenye sanduku la kufuli, si juu ya kabati wala chini ya mto. Watoto wanajua juu ya kabati kuna nini kabla yako.

Mimi siku hizi nabeba ya nusu kilo, 9mm, risasi 10. Ile ndogo niliuza, na niliyemuuzia nilimpeleka uwanjani kwanza akapiga, akaipenda, mikono yake ni kama mbao. Kitu kimoja tu sikukijua kabla ya kubeba kila siku ni vumbi la nguo. Linaingia kila mahali, kwenye tundu la mtutu, kwenye magazini, linashikana na mafuta linakuwa kama uji mweusi. Kwa hiyo mara moja kwa wiki naitoa risasi zote, naikagua, naifuta kwa brashi ya meno ya zamani na tone moja la mafuta, moja tu maana mafuta mengi ndiyo yanayoita vumbi zaidi. Na ile risasi ya chemba usiirudishe ileile kila mara, ukiikoki na kuitoa mara nyingi kichwa kinasukumwa ndani ya ganda, ilinganishe na mwenzake ukiona imekuwa fupi itenge pembeni, usiipige.